Mpira Asilia Uliobadilishwa Kikemia Lakini Bado Unashindwa na Joto: Dalili na Vyanzo Vyake

Umechukua utomvu, ukaufanyia kazi ya kemia kwa siku kadhaa, ukauosha, ukaukausha, ukauchanganya na viungo vyake na kuuivisha, yaani kuufunga minyororo yake kwa salfa au peroksaidi kwenye joto. Kisha ukaweka vipande kwenye tanuri la nyuzi 100 kwa siku tatu, na ulichotoa kinanata vidoleni au kimekakamaa kama kigae. Wengi wakifika hapo huongeza dozi: epoksidi zaidi, haidrojeni zaidi, antioksidanti (kemikali za kuzuia oksijeni isile mpira) zaidi. Ninakusihi usianze hivyo. Anza kwa kujua ni kitu gani hasa kilichokufa ndani ya kipande hicho, maana joto lina njia tatu za kuuingia mpira, na dawa ya njia moja haizibi nyingine.

Njia ya kwanza ni mnyororo wenyewe. Mpira asilia ni poliisoprini, na kila kiungo chake cha kaboni tano kina bondi maradufu moja. Haidrojeni zilizo jirani na bondi hiyo hung'oka kirahisi, oksijeni ikashika mahali palipoachwa wazi, na mnyororo ukaishia kukatika. Uharibifu mdogo unatosha: mpira ukishanyonya oksijeni ya takriban asilimia 1 ya uzito wake, kwa kawaida hauna kazi tena. Njia ya pili ni madaraja ya salfa yanayofunga mnyororo kwa mnyororo baada ya kuivisha. Ya tatu ni mabaki: chembe za metali, asidi, peroksaidi na kichocheo ambacho hakikuoshwa kikaisha. Mabadiliko ya kikemia hulenga njia ya kwanza, na yakifanywa kwa haraka huacha ya tatu ikiwa pana kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kushindwa kwingi ninakokujua kumetoka huko.

Hapa chini joto lote ni la Selsiasi, na "sehemu" ni sehemu za uzito kwa kila sehemu 100 za mpira.

Jaribio la kufanya kabla ya mengine yote

Andaa mpira uliobadilishwa na mpira ambao haukubadilishwa, wote kutoka utomvu uleule na kwa mapishi yaleyale. Vipande vya kila aina vigawe mara mbili. Nusu iingie kwenye tanuri la hewa, nusu ifungwe ndani ya bomba la kioo lililojazwa nitrojeni. Joto liwe moja, siku ziwe zilezile.

Kikiharibika kwenye hewa na kubaki kizima kwenye nitrojeni, oksijeni imeshambulia mnyororo. Kikiharibika kote kuwili, shuku madaraja ya salfa, au asidi iliyobaki ndani. Na kama mpira uliobadilishwa unaharibika upesi kuliko ule wa kawaida, acha kuhangaika na kiwango cha mabadiliko. Kuna kitu umekiacha ndani, au kuna kitu chema umekitoa.

Ongeza jaribio la kuvimbisha. Loweka kipande kidogo kilichopimwa uzito ndani ya tolueni hadi kisiongezeke tena, kipime kingali kimelowa, kisha kikaushe na kukipima mara ya pili. Kikivimba kuliko kabla ya tanuri, mtandao umelegea. Kikivimba kidogo kuliko awali, umejifunga zaidi. Uzito uliopotea kwenye tolueni una habari yake pia. Kwa kiasi kilekile cha kulegea, minyororo iliyokatwa huacha vipande vingi vinavyoyeyuka na kutoka, ilhali madaraja yaliyokatika huacha minyororo ikiwa mirefu na bado imeshikwa kwingineko, hivyo hutoka kidogo. Kwa mizani na chupa ya tolueni unaweza kutenganisha njia ya kwanza na ya pili. Fanya kazi hii penye hewa inayozunguka, mbali na moto.

Dalili: kimelainika, kinanata, uso unang'aa kama umepakwa asali

Kwenye hewa, huku ndiko kukatika kwa mnyororo, na swali la kwanza kuuliza ni kuhusu shaba na manganizi.

Kuoksidika kwa mpira huenda kwa mzunguko. Oksijeni hutengeneza haidroperoksaidi kwenye mnyororo. Haidroperoksaidi hiyo ikipasuka hutoa radikali mbili, yaani vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzi, na kila radikali huanzisha mzunguko mpya. Bila metali, kupasuka huko kunahitaji joto. Ayoni ya shaba hurahisisha kazi: huipa haidroperoksaidi elektroni moja, kisha huchukua elektroni kutoka kwa nyingine, na kurudi ilivyokuwa. Haitumiki ikaisha. Ndiyo maana kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu kundi zima, na ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha utomvu mzito, ISO 2004, kinadai shaba isizidi miligramu 8 kwa kilo ya yabisi, na manganizi vivyo hivyo.

Metali hizi huingia kwa njia ambazo hazionekani kwenye karatasi ya mapishi. Vali ya shaba nyeupe kwenye bomba la utomvu, chujio la waya, maji ya kisima yenye manganizi, udongo ulioingia shambani, na kwa wanaotia haidrojeni kwa haidrazini, salfeti ya shaba waliyoitumia wenyewe kama kichocheo. Hili la mwisho linaniumiza kila ninapokutana nalo: mtu anaondoa bondi maradufu ili mpira uvumilie joto, kisha anaziacha zile zilizobaki pamoja na shaba.

Tiba yake ni kuosha kwa maji yenye EDTA, ambayo hushika ayoni za metali, kisha maji safi mara kadhaa, kisha kupima majivu na metali badala ya kudhani. Badilisha vyombo, chuma kisichoshika kutu au plastiki hufaa. Kama huna maabara ya metali, kipimo cha PRI (kiasi cha unyumbufu kinachobaki baada ya joto) kitakupa ishara mapema, kabla hujaivisha: mpira mbichi hupimwa unyumbufu wake, hupashwa joto la nyuzi 140 kwa dakika 30 kwenye hewa, hupimwa tena, na cha pili hugawanywa kwa cha kwanza, kisha huzidishwa kwa 100. Mpira mbichi unaouzwa kama wa daraja la 10 kwa kawaida hudaiwa usishuke chini ya 50, wa daraja la 20 usishuke chini ya 40. Ukiona utomvu ulioingia kwenye pipa ulitoa mpira wa PRI ya juu na uliotoka baada ya kazi yako umeanguka, umeushika mkosaji akiwa ndani ya pipa lako.

Kuna chanzo kingine kinachofanana sana na hiki: umeosha kupita kiasi. Mpira asilia huja na kinga zake, hasa tokotrienoli, na ukiondoa protini kwa yurea na sabuni, au ukiuosha kwa asetoni, unatoa sehemu ya kinga hiyo. Mpira msafi mno usio na antioksidanti huoksidika upesi kuliko mpira mchafu wa shambani. Hakuna ubaya kuosha, ila rudisha ulichotoa: antioksidanti aina ya TMQ, sehemu 1 hadi 2, hustahimili joto vizuri kwa sababu haigeuki mvuke upesi. BHT, antioksidanti nyingine, ni safi na haichafui rangi, lakini kwenye nyuzi 100 huondoka na hewa ya tanuri, na baada ya siku chache unapima mpira usio na kinga yoyote. Antioksidanti za kundi la 6PPD hulinda vizuri dhidi ya ozoni na kupindwapindwa, ila hupaka rangi ya kahawia.

Dalili: mstari wa riomita unapanda, unafika kilele, kisha unateremka

Riomita ni mashine inayopima mpira unavyokazana wakati unaiva. Hapa oksijeni haihusiki. Mpira unaivia ndani ya kalibu iliyofungwa, na kinachovunjika ni madaraja ya salfa. Kwenye mapishi ya kawaida yenye salfa sehemu 2 hadi 3.5 na kiharakishi (kemikali inayoharakisha kuiva) chini ya 1.2, madaraja mengi huwa marefu, salfa tatu, nne au zaidi zikiwa zimeshikana. Bondi kati ya salfa na salfa ndani ya daraja refu huwa chini ya kilojuli 270 kwa moli. Kati ya kaboni na salfa ni karibu 285. Kati ya kaboni na kaboni ni karibu 350. Joto hukata panapokatika kirahisi.

Hili ndilo badiliko la kikemia la bei rahisi kuliko yote, na watu hulidharau kwa sababu halihitaji pipa wala haidrazini: geuza uwiano. Salfa ya sehemu 0.4 hadi 0.8 pamoja na kiharakishi cha 2 hadi 5 hutoa madaraja mafupi, ya salfa moja au mbili, yanayostahimili joto vizuri zaidi. Kwa uamuzi wangu, mtu asiguse mnyororo kabla hajajaribu hili. Gharama yake ipo: mpira wenye madaraja mafupi huchoka upesi ukipindwa mara nyingi, na huchanika kirahisi zaidi. Kwa kitu kinachotetemeka mchana kutwa, kaa katikati, salfa 1 hadi 1.7 na kiharakishi 1.2 hadi 2.5. Kama huwezi kupunguza salfa, punguza joto la kuivishia. Kupanda kutoka nyuzi 150 hadi 170 kwa ajili ya kuokoa dakika ndiko kunakozidisha mteremko huo. Zipo pia kemikali za kuzuia kurudi nyuma huko, kama bisi-sitrakonimidi, ambazo hujenga daraja jipya la kaboni pale la salfa linapovunjika.

Peroksaidi hujenga daraja la kaboni kwa kaboni moja kwa moja. Kwa joto ni zuri, kwa nguvu ya kuvutwa na kuchanika huwa dhaifu kuliko salfa. Tena usisahau kwamba antioksidanti nyingi humeza radikali za peroksaidi kabla hazijajenga daraja lolote. Mpira usioiva vizuri baada ya kuongezewa kinga huenda una tatizo hilo tu.

Dalili: mpira wa epoksidi unakakamaa na kupasuka, ingawa unatakiwa kuwa bora

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo penye maumivu mengi.

Mpira wa epoksidi hutengenezwa kwa kugeuza bondi maradufu kuwa pete ndogo ya kaboni mbili na oksijeni moja, kwa kawaida kwa asidi fomiki na haidrojeni peroksaidi ndani ya utomvu. Bidhaa zinazojulikana ni za asilimia 25 na 50 ya bondi. Kwanza tuweke matarajio mahali pake: epoksidi ilishinda kwa kustahimili mafuta na kuzuia gesi kupenya. Kwenye ile ya 50, nusu ya bondi maradufu bado ziko palepale zikingoja oksijeni. Isitoshe, pete yenyewe ina udhaifu mmoja mkubwa: asidi huifungua.

Asidi inatoka wapi kwenye mpira uliokwisha kuoshwa? Kutoka kwenye madaraja ya salfa. Yakioksidika kwenye tanuri hutoa asidi za salfa; asidi hizo hufungua pete; pete iliyofunguka kwenye mnyororo mmoja hushikana na mnyororo wa pili kwa daraja la etha. Madaraja yanaongezeka, mpira unakuwa mgumu, urefu wa kukatika unaanguka, na siku moja kipande kinapasuka kwa kupindwa tu. Anayeona ugumu huu akaongeza antioksidanti peke yake anapunguza mwendo wa oksijeni, lakini asidi ambayo tayari ipo inaendelea na kazi.

Dawa ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Weka besi, yaani kitu cha kuzimua asidi, ndani ya mchanganyiko. Kalsiamu steareti, sehemu 5 hivi, imezoeleka na inachanganyika vizuri. Kisha tumia mapishi ya salfa ya katikati niliyoyataja juu, ili madaraja yanayozaa asidi yawe machache. Ukifanya moja bila jingine utaona nafuu, lakini haitadumu.

Kama kukakamaa kulianza kabla ya kuivisha, yaani mpira mbichi wenyewe umekuwa mzito na hauyeyuki, pete zilifunguka ndani ya pipa. Angalia spektra ya infraredi. Pete nzima huonyesha alama karibu na 870 na 1250 kwa sentimita (cm⁻¹). Pete iliyofunguka huleta mkanda mpana wa haidroksili karibu na 3400, na pete za aina ya furani huonekana kandokando ya 1065. Kwenye NMR ya protoni, kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni zilipo, pete husoma 2.7 ppm na bondi maradufu 5.1, gawanya eneo la kwanza kwa jumla ya yote mawili upate kiwango cha epoksidi. Ukiona haidroksili kubwa, chanzo ni asidi nyingi mno, joto la pipa lililopanda, au kuchelewa kuzimua asidi mwisho wa kazi. Funga kazi kwa kuinua pH, usiache utomvu wenye asidi ulale hadi asubuhi, na ukisha kugandishwa uoshe hadi maji ya kuoshea yasiwe na asidi.

Pipa lililopanda joto ni hatari pia kwa mtu. Asidi ya peroksidi inayozaliwa humo hutoa joto inapofanya kazi, na joto huharakisha kazi hiyohiyo. Mimina peroksaidi polepole, koroga bila kukoma, weka maji ya kupozea tayari kabla ya kuanza, na usizibe chombo.

Utomvu ukiganda palepale unapotia asidi, kinga yake ya sabuni na amonia imevunjwa. Amonia pia hula asidi yako kabla haijafanya kazi, kwa hiyo kiwango cha epoksidi kinatoka chini ya ulichohesabu. Punguza amonia kwa kupuliza hewa, ongeza sabuni isiyo na chaji, punguza uzito wa utomvu kwa maji, ndipo utie asidi.

Na kuna "ugumu" ambao si ugonjwa hata kidogo. Kila asilimia moja ya epoksidi huinua joto la mpira kugeuka kama kioo kwa takriban nyuzi 1. Mpira wa kawaida hugeuka karibu na nyuzi 70 chini ya sifuri; wenye epoksidi 50 hugeuka karibu na 20 chini ya sifuri. Ukiupima penye baridi utaushuku bure.

Dalili: mpira uliotiwa haidrojeni hauyeyuki, au hauivi

Kutia haidrojeni ndiko kunakofunga njia ya kwanza kwa haki, kwa kuwa bondi maradufu zenyewe zinaondoka na mnyororo unafanana na ule wa ethilini na propilini zilizopishana. Njia ya utomvu hutumia haidrazini na haidrojeni peroksaidi kuzalisha diimidi, ambayo ndiyo inayopeleka haidrojeni kwenye bondi maradufu. Tatizo lake kuu ni jeli: radikali zinazozaliwa kando hufunga minyororo ndani ya chembe ya utomvu, na bidhaa inabaki donge ndani ya tolueni. Peroksaidi iliyomiminwa haraka ndiyo chanzo cha mara kwa mara. Punguza mwendo wake, tumia asidi boriki badala ya shaba kama kichocheo pale inapowezekana, na utie kidogo kemikali ya kukamata radikali. Povu linalopanda ni nitrojeni inayotoka; liachie nafasi kwenye chombo.

Kiwango kikikwama chini, diimidi inaangamizana yenyewe kwa yenyewe kabla ya kufika katikati ya chembe. Ganda la nje linajaa haidrojeni, kiini kinabaki kama kilivyokuwa. Chembe ndogo na umiminaji wa polepole husaidia. Haidrazini ni sumu kali inayopita kwenye ngozi na inayoshukiwa kuleta saratani. Asiye na chumba cha kuvuta hewa na glavu zinazofaa asiiguse.

Mpira huu ukikataa kuiva kwa salfa, umefanikiwa: salfa inahitaji jirani wa bondi maradufu, nawe umezimaliza. Ama uache asilimia kadhaa makusudi, ama uivishe kwa peroksaidi. Tarajia pia nguvu ghafi ipungue, kwa kuwa mnyororo uliojaa haidrojeni haujipangi tena kuwa fuwele unapovutwa kama mpira asilia unavyofanya.

Kupandikiza na klorini, kwa ufupi

Kupandikiza methili methakrilati huongeza ugumu na uwezo wa kubeba mzigo, lakini bondi maradufu za mpira zinabaki. Ukiona mpira uliopandikizwa umedumu zaidi tanurini, chemsha kwanza kwenye asetoni uone ni kiasi gani cha plastiki kilikuwa huru, hakikupandikizwa kokote. Mpira wa klorini, wenye klorini ya karibu asilimia 65, ni wa rangi na mipako. Ukipashwa hutoa asidi haidrokloriki. Kwa joto usiutafute.

Dalili: grafu ya TGA ni nzuri, kipande kinakufa kazini

TGA ni kupima uzito wa kipande huku joto likipanda; kwenye nitrojeni huonyesha mnyororo unavunjika lini kuwa gesi. Kwa mpira asilia kasi kubwa huwa kati ya nyuzi 370 na 380. Ukisogeza namba hiyo kwa nyuzi 20 umebadilisha kitu, lakini mpira hufa kazini kwenye nyuzi 80 au 100 kwa oksijeni, bila kupoteza uzito wowote wa maana. Tumia tanuri kwa utaratibu wa ISO 188, kiwango cha kimataifa cha kuzeesha mpira kwa joto, pima nguvu ya kuvutwa, urefu wa kukatika na ugumu kabla na baada, kwenye joto tatu tofauti zilizo karibu na la kazini. Matokeo ya nyuzi 140 hayawezi kukuambia maisha ya nyuzi 80.

Usiweke mapishi tofauti ndani ya tanuri moja. Antioksidanti inayotoka kama mvuke kwenye kipande kimoja hutua kwenye jirani yake, salfa nayo vilevile, na kipande kibovu kinalindwa na kizuri. Vipande vinene vichunguze kwa kuvikata katikati na kupima ugumu kutoka ukingoni hadi ndani: ukikuta ganda gumu la milimita moja au mbili na kiini kizima, oksijeni iliishia njiani, na namba uliyoipata kwenye kipande hicho ni ya ganda lake. Rudia kwa vipande vya milimita 2.